Kitako cha faiba kwa bunduki ya upepo: dalili, chanzo na tiba kwa mazingira ya Dodoma

"Fundi, niongezee koti moja tu." Hilo ndilo ombi la kwanza la mtu mwenye kitako kinachonata, kilichopasuka au kilichoanza kubanduka. Koti hilo, yaani tabaka jingine la resini (gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu), hufunika kasoro kwa wiki chache na kuongeza uzito, kisha ufa unarudi palepale. Hapa Dodoma vitako vichache sana huharibika kwa sababu tabaka ni chache. Vingi huharibika kwa sababu ya saa ambayo resini ilipakwa, au kwa jinsi chuma (mtutu na mitambo yake) kinavyokalia ndani ya kitako. Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo, tafuta chanzo.

Kitako ninachokizungumzia ni kiunzi chote kinachobeba chuma: sehemu ya begani, shavu, shingo inayoshikwa kwa mkono wa triga, na mkono wa mbele ulio chini ya mtutu. Kiini chake ni mbao au povu gumu, juu kina kitambaa cha faiba kilicholoweshwa resini, na ndani kina vipande vya bomba la aluminiamu vinavyopitisha skrubu.

Mambo mawili yatangulie. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo karatasi zako ziwe sawa polisi kabla ya lolote. Kazi ya faiba ikifanywa na mtu mwingine, mpelekee kitako cha zamani na vipimo, bunduki ibaki kwako. Pili, hakikisha haina risasi na springi haijavutwa kabla hujalegeza skrubu hata moja. Ikiwa ni ya mtungi wa hewa, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kushusha presha.

Uso unanata siku ya pili

Jiulize kwanza umetumia resini gani, maana kuna aina mbili, na tiba ya poliesta siyo tiba ya epoksi.

Poliesta inayogusa hewa hubaki na unato mwembamba juu kwa sababu oksijeni huzuia uso usigande kabisa. Futa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye asetoni (kiyeyushio cha kusafishia), kisha ikandamize kwa ukucha. Kama chini ni kugumu, kitako hakina kasoro. Unato huo ni tabia yake. Koti la mwisho lipakwe kwa resini iliyochanganywa nta maalumu ya poliesta, au lifunikwe kwa karatasi safi ya nailoni mpaka likauke. Ukucha ukizama, hadina (dawa inayochanganywa na resini ili igande) ilikuwa kidogo au baridi ilikuwa kali. Kiasi cha kawaida ni asilimia 1 hadi 2 kwa uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa hakutoshi. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja ni chombo cha lazima katika kazi hii. Weka kitako mahali penye joto la nyuzi 30 hadi 40 kwa siku nzima. Kikikataa kuwa kigumu, kwangua.

Hadina ya poliesta inaweza kumpofusha mtu ikiingia jichoni, kwa hiyo miwani ya kazi ivaliwe kuanzia kwenye kupima. Kuna pia kichocheo cha kobalti, kimiminika cha zambarau ambacho huongezwa kwenye baadhi ya resini. Hicho na hadina visikutane moja kwa moja hata tone, kwa sababu mchanganyiko wake unaweza kulipuka. Kobalti huingia kwenye resini na kukorogwa kabisa, ndipo hadina ifuate.

Epoksi haina kisingizio cha hewa. Ikinata, ama kipimo kilikosewa ama haikukorogwa vizuri. Kosa la kipimo linalojirudia zaidi linatokana na maandishi ya kopo: yanasema mbili kwa moja kwa ujazo, na mtu anapima mbili kwa moja kwa mizani. Hadina ya epoksi ni nyepesi kuliko resini yake, kwa hiyo ukiipima kwa uzito hadina inazidi, na kitako kinabaki laini daima. Kuongeza hadina ili epoksi iwahi kukauka ni kuiharibu. Tofauti na poliesta, hapa kila sehemu ya resini inahitaji kiasi chake kamili cha hadina, hakuna nyongeza wala punguzo.

Pakinata kwa mabaka, huku kugumu na kule ulimbo, basi kipimo kilikuwa sawa ila uchanganyaji ndio wenye kasoro. Resini iliyong'ang'ania kwenye kuta za kikombe haikufikiwa na kijiti, halafu ikakombwa mwishoni. Koroga dakika mbili au tatu, kwangua kuta na kitako cha kikombe, hamishia kwenye kikombe kingine, koroga tena. Mabaka yaliyokwisha kutokea yakwanguliwe yote kwa patasi na kufutwa kwa asetoni. Koti jipya juu ya ulimbo halitaukausha.

Kuna hali ya tatu inayochanganya watu: epoksi imekuwa ngumu vizuri lakini ukipitisha kidole unahisi utelezi kama wa mafuta. Hiyo ni chumvichumvi inayotokana na hadina ikikutana na unyevu na baridi ya hewa, nayo huonekana zaidi msimu wa mvua na usiku wa Juni na Julai. Osha kwa maji na sponji ya kusugulia, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa kabla ya maji unaisukumiza ndani ya mikwaruzo, na koti linalofuata litabanduka.

Vitundu vidogo na malengelenge

Hapa ndipo hali ya hewa ya Dodoma inapodai heshima yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukame wa kati. Mchana wa Oktoba na Novemba joto hupita nyuzi 30, na alfajiri ya Julai hushuka hadi karibu nyuzi 14. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mwendo wa resini kuganda huongezeka takribani maradufu. Kwa hiyo kopo lilelile likupalo nafasi ya kutosha asubuhi ya Julai litakugandia mkononi mchana wa Novemba.

Mbao ina hewa ndani yake. Ukipaka resini saa tatu asubuhi, jua linapanda, mbao inapata joto, hewa inatanuka na kutoka kupitia resini ambayo bado ni laini. Kila kipovu kinaacha kitundu. Unaziba kwa koti la pili asubuhi inayofuata, na vitundu vinarudi. Tiba ni kugeuza saa: anika kiini juani mchana mpaka kipate moto wa kushikika, kiingize ndani, kisha upake kikiwa kinapoa. Hewa inayosinyaa ndani ya mbao huivuta resini iingie kwenye vinyweleo, na koti linakuwa na mizizi.

Lakini mtu akifanya hivyo mwezi Julai na kukiacha kitako kibarazani, usiku unakikuta na baridi ambayo epoksi nyingi za kawaida haziiwezi. Chini ya nyuzi 15 hugandia nusu njia. Suluhisho ni sanduku la mbao au boksi kubwa lenye balbu ya zamani ya uzi, ile inayotoa joto. Balbu za LED hazina joto la kutosha kwa kazi hii. Subiri saa moja au zaidi baada ya kupaka, resini ianze kushika, ndipo uwashe, ili usirudishe tatizo la hewa kutanuka. Balbu isiguse boksi, na asetoni isiwe ndani ya chumba hicho.

Vitundu vikiwa vimekwisha kutokea, piga msasa namba 120, sukuma epoksi iliyotiwa unga wa kuifanya isitiririke kwa kipande cha plastiki kama unavyopaka fila ya kuzibia mashimo, kisha endelea.

Vumbi nalo lina msimu wake. Kuanzia Agosti upepo wa mchana unabeba udongo mwekundu hadi ndani ya chumba kilichofungwa. Mwagia maji sakafu, funga madirisha, subiri vumbi litulie, ndipo ufungue kopo. Chembe zilizonaswa kwenye koti la juu tu hutoka kwa msasa wa maji. Zilizonaswa kati ya tabaka zitabaki kuwa mwanzo wa kubanduka.

Resini ikichemka na kutoa moshi kikombeni, umechanganya nyingi kwenye chombo chembamba na joto lake limejifungia. Itoe nje usiivute puani, uiache ipoe. Safari ijayo changanya kidogo kidogo na uimwage kwenye sahani pana. Na kiini cha povu jeupe la kufungashia televisheni kikianza kulika, ni poliesta inakiyeyusha. Povu hilo linakubali epoksi tu. Kwa poliesta tumia povu gumu la poliurethani au mbao.

Weupe chini ya kitambaa, sauti ya uwazi

Gonga kitako chote kwa ukingo wa sarafu, polepole, kila sentimita mbili. Palipo pazima panalia kwa sauti kali na fupi. Palipo na uwazi sauti inazama. Zungushia penseli kila penye sauti hiyo kabla hujaamua lolote, kwa sababu mpangilio wa alama zenyewe ndio utakaokuambia chanzo.

Alama zikifuata kona na kingo, kitambaa kiligoma kupinda. Faiba haikai kwenye kona kali. Inajiinua na kuacha mfereji wa hewa. Kingo zote ziviringwe kwa msasa mpaka ziwe na mviringo wa milimita 4 au 5 kabla ya tabaka la kwanza. Alama zikitapakaa tambarare, kitambaa kilikosa resini au hakikukandamizwa. Hapa mipira ya tyubu ya baiskeli, iliyokatwa vipande virefu vyembamba, haina mpinzani. Funika tabaka bichi kwa kitambaa cha nailoni kisicho na rangi wala mpako, weka karatasi ya plastiki juu, kisha zungushia mpira kwa mkazo ulio sawa kuanzia shingoni kwenda pande zote mbili. Kesho yake ukibandua nailoni unapata uso wenye mikwaruzo midogo, tayari kupokea koti jingine.

Weupe unaofuata nyuzi za mkeka wa faiba, ule wa nyuzi fupi zilizotapakaa, huwatokea wanaoutumia pamoja na epoksi. Gundi inayoshikilia nyuzi hizo imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta, kwa epoksi haiyeyuki vizuri. Epoksi iende na kitambaa kilichofumwa.

Uwazi mdogo, chini ya upana wa sarafu, unaweza kutobolewa matundu mawili, moja la kuingizia epoksi kwa sindano na jingine la kutoa hewa. Mkubwa zaidi ukatwe na kubandikwa kiraka ambacho kingo zake zimepunguzwa unene polepole.

Tabaka linabanduka

Tazama upande wa chini wa kipande kilichobanduka. Kikitoka na nyuzi za mbao, gundi ilikuwa na nguvu kuliko mbao, na mbao hiyo ilikuwa mbichi au imeoza. Kikitoka kisafi na kinang'aa, hakikushika tangu siku ya kwanza.

Mpingo na mbao nyingine zenye mafuta ndizo zinazoongoza kwa kutoka kisafi. Piga msasa namba 80, futa kwa asetoni mpaka kitambaa kisitoke na rangi, na upake resini saa hiyohiyo kabla mafuta hayajapanda tena. Kwa maoni yangu mpingo ubaki kwenye vipande vidogo vya urembo, maana ni mzito mno kwa kiini. Mninga ndio unaofaa. Hautanuki wala kusinyaa sana, ni mwepesi kiasi na unachongeka vizuri. Vumbi lake linawasha pua, kwa hiyo barakoa ni lazima, na vumbi la faiba linadai mikono mirefu na glavu pamoja na hiyo barakoa.

Mbao iliyoletwa kutoka Pwani isichongwe wiki hiyohiyo. Inatoka kwenye hewa yenye unyevu kuja kwenye ukavu, na itasinyaa ikiwa ndani ya ganda la faiba lisilosinyaa. Ikae ndani miezi kadhaa, ikipimwa uzito mara kwa mara. Uzito ukiacha kushuka, chonga.

Sababu nyingine ya ganda kutoka kisafi ni silikoni. Dawa za kung'arisha dashibodi na baadhi ya nta za gari zinayo, na mkono uliozishika ukigusa kitako, resini hukimbia na kuacha vidimbwi vya duara. Futa kwa asetoni kwa kitambaa kipya kila mara. Kitambaa kimoja kinasambaza tu.

Nyufa

Ufa wa shingoni na ufa wa kwenye skrubu vinafanana kwa macho, lakini vina vyanzo tofauti.

Shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, nayo hupinda na kusokotwa kila bunduki inapoanguka au kuegemezwa vibaya. Ikiwa nyuzi za mbao zinaikata shingo kwa mshazari, ufa utafuata mshazari huo. Ikiwa kitambaa cha faiba kimelazwa na nyuzi zake zinakwenda urefu na mzunguko peke yake, hakuna nyuzi inayozuia msokoto. Hapo shingoni kitambaa kikatwe kwa pembe ya nyuzi 45, tabaka mbili au tatu, likipishana na lile la urefu. Kwa kitako kilichokwisha kupasuka, fungua ufa kwa ncha ya kisu, jaza epoksi, zungushia tyubu mpaka ikauke, kisha ng'oa faiba ya zamani sentimita 5 kila upande na ulaze kitambaa cha mshazari.

Ufa wa kwenye skrubu unahusu zaidi bunduki za springi, hasa zile za kukunja mtutu. Mkono wake wa mbele una mfereji wa kupitisha chuma cha kuvutia springi, kwa hiyo kuta zake ni nyembamba, na skrubu mbili za pembeni zinazishika kuta hizo. Pistoni inapoachiwa bunduki inarudi nyuma, na pistoni inapofika mwisho bunduki inasukumwa mbele. Ni misukosuko miwili kinyume kwa kila risasi. Skrubu ikikaa moja kwa moja kwenye mbao au resini, inakandamiza, resini inabonyea taratibu, skrubu inalegea, chuma kinaanza kugonga, na tundu linapasuka. Mtu anakaza zaidi, na ufa unarefuka. Toboa tundu kubwa zaidi, gundisha kipande cha bomba la aluminiamu kwa epoksi, na bomba lisawazishwe na uso wa ndani ili chuma kikandamize chuma. Nje weka washa (kisahani cha chuma cha chini ya skrubu) pana yenye kikombe. Baada ya hapo kukaza kunakuwa na mwisho unaosikika mkononi.

Risasi zinahama

Bunduki ilikuwa ikilenga vizuri, sasa inapiga makundi mawili, au asubuhi iko kushoto na mchana iko juu. Wengi wanaikimbilia darubini. Anza na skrubu zote, za kitako na za darubini, maana ndizo rahisi na ndizo zenye hatia mara nyingi.

Zikiwa zimekaza, legeza skrubu za kitako moja moja huku kidole kimelala kwenye mpaka wa chuma na kitako. Chuma kikiinuka au kikisogea skrubu inapolegea, kilikuwa kimepindishwa kwa nguvu. Kikalio chake, yaani pale kinapolala ndani ya kitako, si sawa. Ili kujua kinagusa wapi, paka masizi ya mshumaa au wanja chini ya chuma, kirudishe taratibu, kaza, fungua tena. Weusi utahamia kwenye vilima. Kikalio kizuri kinaonyesha weusi mpana pande zote mbili za kila skrubu. Kibaya kinaonyesha nukta mbili tatu.

Kukitengeneza upya, chimba kikalio milimita 2 au 3, acha vilima vidogo viwili vya kushikilia kimo, kisha jaza epoksi nzito iliyotiwa unga wa aluminiamu au nyuzi fupi za faiba. Kabla ya hapo chuma kipakwe nta isiyo na silikoni mara tatu, kila mara ikikauka na kufutwa. Matundu ya skrubu, mfereji wa triga na kila pembe ambayo epoksi inaweza kuingia na kujifunga nyuma yake vijazwe udongo laini wa kuchezea watoto. Epoksi ikijifunga nyuma ya pembe, chuma hakitoki bila kuvunja kitako. Lazimisha chuma kwa mipira ya tyubu tu. Ukikaza kwa skrubu unakigandisha kikiwa kimepinda vilevile.

Kama kikalio ni safi na risasi bado zinahama, pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mkono wa mbele. Karatasi ikikwama, pana mgusano, na kitako kinapopata joto mgusano huo unabadilika. Kwa bunduki ya springi angalia pia mkono wako: kuishika kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho kunahamisha risasi hata kitako kiwe kimejengwa vipi.

Kitako kimelainika au kimepinda

Epoksi iliyoganda kwa joto la kawaida bila kuchomwa tena huanza kulainika karibu na nyuzi 50 hadi 60. Gari lililofungwa madirisha na kuachwa juani mchana linafika huko, na kitako cheusi kinazidi hapo kikilazwa nyuma ya kioo. Dalili ya mapema ni mistari ya ufumaji wa kitambaa kujitokeza kwenye uso uliokuwa laini kama kioo.

Kinga ni kuchoma kitako kwa joto la taratibu kabla ya rangi: sanduku lilelile la balbu, saa kadhaa kwa nyuzi 40, kisha 50, kisha 60 kama maelekezo ya epoksi yanaruhusu, kikiwa kimefungwa kwenye ubao ulionyooka. Kilichokwisha kupinda kidogo kinaweza kupashwa hivyohivyo na kunyooshwa, kikapoe kikiwa kimefungwa. Rangi iwe ya mwanga. Udongo na majani makavu vinapendeza kuliko nyeusi, na havivuti joto kiasi hicho.

Epoksi iliyoachwa wazi juani hugeuka njano kisha hutoa unga kama chaki. Hiyo ni kazi ya mionzi ya jua. Piga msasa mwepesi, paka rangi ya gari au vanishi yenye kinga ya jua.

Kizito kupita kiasi

Uso wa kitako kimoja ni kama robo ya mita ya mraba au pungufu. Tabaka moja la kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, pamoja na resini yake, linaongeza takribani gramu 100. Tabaka la mkeka wa gramu 450 linameza resini mara mbili ya uzito wake na zaidi, kwa hiyo linaongeza zaidi ya mara tatu ya hapo. Tabaka tatu za kitambaa juu ya mninga mzima zinatosha, na shingoni tano. Kama kitako tayari ni kizito mbele, punguza kwa kuchimba kiini kutoka ndani ya mkono wa mbele, mbali na mabomba ya skrubu. Ganda la nje lisiguswe. Na kitako ambacho sarafu imekionyesha uwazi zaidi ya robo ya uso wake, hata kama rangi inang'aa, kichunwe mpaka kwenye mbao na kianzwe upya.